Mguu wa Kushoto wa Baba Pacha

Mwalimu alikuwa na miguu miwili kama watu wengine, ila ya kwake ilikuwa na ratiba. Asubuhi, kwenye gari jeupe la shule ya udereva, gari la manyuo la kubadilisha gia kwa mkono, mguu wa kushoto ndio uliokuwa na kazi: kukanyaga klachi ya pili ya upande wa mwalimu, kuiachia taratibu, kuikanyaga tena pale mwanafunzi anapokaribia kuzima injini. Mchana, kwenye gari la kijivu la otomatiki, mguu huohuo ulitakiwa utulie usijitikise. Tangu shule inunue hilo la kijivu, alikuwa akihama kutoka gari moja kwenda jingine mara nne au tano kwa siku, na kila akihama alijipiga kikofi kidogo kwenye goti la kushoto na kuliambia amka, au lala. Wanafunzi wapya walidhani ni ugonjwa.

"Ulaze wa kushoto" ilikuwa kauli yake, na walimu wenzake wawili waliidaka wakaifanya yao bila hata kuomba ruhusa. Mtu aliyezoea klachi akiingia kwenye otomatiki, mguu wa kushoto humtoroka. Anataka kupunguza mwendo tu, mguu unakwenda kutafuta klachi, klachi haipo, unaikuta breki na kuikandamiza mpaka chini kwa nguvu zilezile za klachi. Gari linasimama palepale. Mwanafunzi anashangaa, na mwalimu aliyekaa pembeni anakatwa kifua na mkanda. Miaka ishirini na miwili ya kazi hii ilikuwa imempa shingo inayolia kila akigeuka, na subira ambayo watu waliisifu sana kwa sababu hawakujua jinsi ilivyokuwa imebaki kidogo.

Alikuwa amefundisha wazee waliotaka kuonja usukani kabla macho hayajafifia, wasichana waliolia kwenye kona, na wanaume ambao hawakulia ila walihamia shule nyingine. Mtaani kote alikuwa Mwalimu, dukani Mwalimu, hata kwa daktari wa meno. Aliyekataa kumwita hivyo ni mume wake peke yake. Huyo alimwita Mama Pacha, kwa ajili ya watoto wao wawili waliozaliwa siku moja na ambao sasa walikuwa watu wazima wenye maisha yao mbali, na alikuwa akisema waziwazi mbele ya wageni kwamba mke wake anawafundisha watu kusukuma mikokoteni.

Yeye Baba Pacha alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na madereva wenzake walimpa jina la Tani Thelathini, kwa sababu ya mzigo aliokuwa akiuvuta na kwa sababu ya mwili wake pia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtu wa kuondoka wiki tatu na kurudi siku mbili. Akirudi alilala, alikula, alifua rundo zima la nguo, akaondoka.

Miezi minane iliyopita alikuwa juu ya trela akifunga turubai kwenye mvua, akateleza. Mfupa wa muundi wa kushoto ukavunjika mahali pawili. Alifungwa plasta, plasta ikafunguliwa, akapigwa picha, na daktari akaiinua kwenye mwanga kuonyesha kwamba mfupa umeunga vizuri kabisa. Umeunga, ila mguu wenyewe ni kama haukupewa taarifa. Akitaka kupanda ngazi mbili za mlango wa jikoni, Baba Pacha alishika kitambaa cha suruali hapo gotini, akauinua mguu kwa mkono, akauweka juu, kisha akajivuta yeye. Dada wa hospitali anayewafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo alimpa kazi ya kukanyaga mpira, kuinua kisigino na kuusukuma mto kwa unyayo. Mto aliusukuma siku mbili. Siku ya tatu akaulalia.

Basi mtu aliyezoea kuwa nyumbani siku mbili kwa mwezi akawa yupo siku zote thelathini. Alihamisha sufuria zote kutoka kabati la chini kwenda la juu. Alikaa dirishani na kuhukumu kila gari lililoegeshwa barabarani, na jioni akamsomea mke wake hukumu zote, moja moja. Alimpigia simu katikati ya somo kumuuliza kopo la chumvi liko wapi, wakati aliyelihamisha ni yeye. Mwalimu alikuwa akimvisha soksi, akimshika kwapa kwenye ngazi, akimwekea kiti bafuni, na alikuwa amechoka naye mpaka kwenye nyayo.

Pamoja na hayo kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Akirudi kutoka kazini, akikunja kona ya nyumbani na kuona pazia la sebuleni limesogezwa, alifurahi. Kisha aliingia ndani, akakuta sufuria zimehamishwa tena, na furaha ikaisha.

Ndipo ikaja barua ya meneja wa usafirishaji, aya moja tu. Mwisho wa mwezi Baba Pacha afike yadi apimwe uendeshaji. Akiliweza lori, lori lake lipo. Asipoliweza, mkurugenzi anatafuta dereva wa kumzungusha hapahapa mjini, kwa gari la otomatiki, na anaweza kupimwa kwa hilo. Akishindwa yote mawili, kampuni itamuaga kwa heshima. Baba Pacha aliisoma mara mbili, akasema lori ndilo hilo limekwenda, na kwamba kuendesha otomatiki si kuendesha, ni kukalia kiti. Lakini kukalia kiti cha gari kulikuwa bora kuliko kukalia kiti cha dirishani.

"Nipe siku tatu kwenye hilo gari lenu la kubembea," akamwambia mke wake. Kwake yeye huko kulikuwa kuomba.

Mwenye shule alikubali gari la kijivu litumike kuanzia saa kumi, saa ambayo wakati huo haikuwa na mwanafunzi, mradi lirudi limefagiliwa. Mwalimu akapanga koni kwenye uwanja wa nyuma, akamkalisha mume wake nyuma ya usukani, akamwambia kama anavyowaambia wote: ulaze wa kushoto.

"Huo umelala miezi minane," akajibu. "Wewe hangaika na wa kulia."

Akaweka gia kwenye D, ile ya kwenda mbele, akaachia breki, gari likateleza vizuri. Mwalimu akaanza kufikiri kwamba labda mambo yatakuwa mepesi. Walipofika koni ya kwanza Baba Pacha akataka kupunguza mwendo, na gari likasimama ghafla hivi kwamba miwani ya Mwalimu iliruka ikatua kwenye vumbi la dashibodi. Alisema breki zao zimekaza mno. Koni ya pili ikawa vilevile, akalaumu kiatu. Ya tatu akamlaumu yeye, kwamba amesema "polepole" kwa sauti ya kumshtua. Walirudi nyumbani hawasemeshani, na jioni Mwalimu alikaa na taulo la maji ya moto shingoni.

Siku ya pili alimvua kiatu cha kushoto. Breki ikakanyagwa kwa soksi. Alimwambia avute unyayo nyuma, chini ya kiti, na auache huko. Ukakaa huko mpaka koni ya kwanza. Alimwambia awaze kwamba upande wa kushoto hakuna sakafu. Baba Pacha akamuuliza kwa upole ikiwa anamwona mtoto. Kwa mwanafunzi mwingine yeyote Mwalimu angekuwa na njia ishirini, lakini mwanafunzi mwingine yeyote asingemjibu akiwa amemtazama kwa jicho lile alilolijua tangu ujana wao. Ubaya zaidi, vurugu hizo zikamwambukiza na yeye. Walipokuwa wakitoka, yeye akiendesha, mbuzi akakatiza, na Mwalimu wa miaka ishirini na miwili akakanyaga breki kwa mguu wa kushoto. Baba Pacha alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alicheka hata wakati wa chakula.

Siku ya tatu Mwalimu alifika na uvumilivu umemwishia. Alivua mtandio wake, akainama, akakifunga kifundo cha mguu wa mume wake kwenye chuma cha chini ya kiti, mafundo mawili, akamwambia sasa tuone. Gari likaenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Koni ya kwanza ikapita salama. Ya pili ikapita salama, na Baba Pacha akaanza kusimulia habari za kona moja ya mlimani aliyoipita na tani zake thelathini kwenye ukungu. Alipofika katikati ya ukungu koni ya tatu ikatokea. Kitu kikachanika chini, gari likasimama, na shingo ya Mwalimu ikalia kwa sauti waliyoisikia wote wawili.

Aliinama kuokota mtandio. Ulikuwa umechanika upindo wote, na kipande kimoja kilikuwa bado kwenye chuma. Akakaa na kile kipande kingine mkononi. Alikuwa tayari amefungua mdomo kumgombeza, na mdomo ukabaki wazi.

"Baba Pacha," alisema, "mguu gani umechana mtandio wangu?"

"Huo."

"Huo upi?"

Baba Pacha akautazama.

Kilichompanda Mwalimu kichwani kwanza hakikuwa mshangao, kilikuwa hasira. Alihesabu soksi. Alihesabu ngazi mbili mara ngapi kwa siku, mara miezi minane, bega lake chini ya kwapa la mtu wa uzito ule. Alimwambia ashuke na atembee mpaka kwenye koni, na asishike suruali. Baba Pacha akashuka. Aliachia suruali, akasimama wima, akautazama mguu na kuuamuru uende. Jasho likamtoka kwenye paji, midomo ikamkauka, na mguu haukunyanyuka hata kiasi cha kupitisha karatasi chini yake. Mwalimu alikuwa ameona wanafunzi wengi wanaojifanya hawawezi, na wengine wengi wasioweza kweli, na hakuhitaji kuambiwa huyu ni wa kundi gani. Hilo lilimuudhi zaidi, maana sasa hasira anayo na wa kumkasirikia hana.

Kesho yake, kati ya somo na somo, alipitia hospitali. Dada wa mazoezi alicheka kwanza, akaomba radhi, akacheka tena. Kisha akaeleza kwamba nguvu za mguu hazijapotea, ni woga. Baba Pacha akiufikiria mguu anauogopea, na ukiogopewa unagoma; akiusahau unafanya kazi uliyoizoea. Na kazi uliyoizoea ni klachi. Kwa hiyo apewe klachi, kila siku, nyingi iwezekanavyo, maana hiyo ni dawa kuliko mpira na mto.

"Ila si atarudi kwenye lori?" dada akauliza.

Mwalimu akasema ndiyo, atarudi kwenye lori.

Siku hiyo nzima alifundisha vibaya. Angeweza kunyamaza, hilo alilijua vizuri. Wangeendelea na otomatiki, shingo ingeuma wiki moja zaidi, hatimaye wa kushoto ungelala kama mingine ilivyolala, na Baba Pacha angekuwa dereva wa mkurugenzi, anatoka asubuhi na anarudi jioni kama waume wa wenzake. Hakuna mtu angejua. Alijaribu kukata shauri hivyo akiwa kwenye gari jeupe, na alijaribu tena akiwa kwenye la kijivu. Lakini alikuwa ameshauona mguu ukifanya kazi, na katika maisha yake hakuwahi kumwambia mwanafunzi kwamba hawezi jambo ambalo amemwona akiliweza. Saa kumi ilipofika alichukua ufunguo wa gari jeupe. Alijichukia tangu mlango wa ofisi mpaka uwanjani.

Na kwa kuwa siku mbaya haiji nusu kwa mtu aliyeolewa na Baba Pacha, mguu uliokataa kulala kwenye otomatiki sasa ukakataa kuamka kwenye manyuo. Aliwekewa klachi ya kweli, pale pale mguu ulipokuwa ukiitafuta siku tatu zote, na haukuitaka. Alifikia hatua ya kuubonyeza kwa mkono. Injini ilizima mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili Mwalimu, kwa uchovu tu, akanyoosha mkono akarekebisha kioo cha ndani.

Baba Pacha akawaka. Alimuuliza kwa nini hawezi kuona kioo bila kukigusa. Akasema kioo hicho sasa kinaonyesha paa la gari, kwamba dereva hasa anatumia vya pembeni, kwamba kila mtu aliyetoka mikononi mwake anaendesha akijitazama nywele. Na huku akisema, akawasha gari, akakanyaga, akaingiza ya kwanza, akaachia laini kabisa, ya pili, ya tatu, wakazunguka uwanja mzima. Mwalimu aliacha hata kupumua.

"Unakanyaga," akanong'ona.

Gari likazima papo hapo.

Kuanzia hapo akajua dawa, na dawa yenyewe ilikuwa chungu: ili mume wake aendeshe, ilibidi wagombane. Si ugomvi wa kujikuta mmeingia, ambao huo hawakuwa na upungufu nao, bali wa kupangwa, wa saa nzima, kila siku saa kumi, baada ya yeye kushinda akigombana na wanafunzi saba. Kwenye daftari la maendeleo, ambapo kwa wengine aliandika kona, rivasi na kuegesha, kwenye ukurasa wa Baba Pacha aliandika rangi ya geti, sufuria, baiskeli ya watoto aliyompa shemeji bila kuuliza, kukoroma, na yale makochi waliyogombania tangu yanunuliwe. Geti liliwafikisha barabara kuu. Makochi yaliwapeleka hadi kituo cha mafuta na kurudi, yeye akibadilisha gia kwa hasira nzuri isiyo na kasoro, mguu wa kushoto ukipanda na kushuka bila mtu kuutazama.

Baba Pacha hakuambiwa siri hiyo. Alidhani mke wake amechoka na anatafuta ugomvi, na alimsamehe kwa namna iliyomfanya Mwalimu atamani kumtupia daftari. Nyumbani akawa anapanda ngazi za jikoni akiendelea na hoja ya mchana, mkono umeinuliwa kuhesabu makosa ya mke wake, suruali imesahauliwa. Mwalimu alimfuata nyuma na mboga zake, akijibu kila hoja kwa ukali asije akakumbuka mguu. Kila siku mtu wake alikuwa anapona mbele ya macho yake, na kila siku alikuwa karibu zaidi na kuondoka, na kazi hiyo alikuwa akiifanya yeye mwenyewe kwa mikono yake.

Siku mbili kabla ya kupimwa, daftari likaisha. Walikuwa kwenye barabara tupu ya nje ya mji, kati ya viwanda, gia ya tatu. Mwalimu alitafuta la kugombania, akalikosa. Kimya kikaingia garini. Polepole gari likaanza kukwama na kusukasuka, maana Baba Pacha alikuwa ameanza kuukumbuka mguu.

"Sema kitu," alisema. Huenda na yeye alikuwa ameshaelewa.

"Ulipoanguka nilishukuru," Mwalimu akasema.

Hakuwa amepanga kulisema. Baba Pacha hakugeuka. Gari liliendelea kidogo, likapunguza mwendo, likaingia pembeni na kusimama.

"Ulishukuru."

"Si kuvunjika. Nilishukuru kwamba najua uko wapi. Wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Nilirudi nyumbani nikalala usingizi ambao sikuwa nimeulala miaka kumi na tisa. Nikikuuliza unarudi lini, unaniambia safari haina saa. Pacha wamejifunza kutembea, wamejifunza kusoma, wameondoka, na mimi bado nasikiliza geti."

Baba Pacha alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari lilikuwa limesimama.

"Na bado unanifundisha klachi," alisema.

"Ndiyo kazi yangu."

Hapo ndipo Mwalimu alipoangalia chini. Gia ilikuwa imetolewa na breki ya mkono imevutwa. Baba Pacha alikuwa ameteremka kutoka ya tatu mpaka ya pili, ya pili mpaka ya kwanza, amesimama bila gari kutikisika, na wakati huo wote hakukuwa na ugomvi wowote. Baba Pacha akawasha tena, wakarudi mjini bila neno, na mguu ulikanyaga njia nzima.

Siku ya kupimwa Mwalimu alisimama nje ya uzio wa yadi na mkoba wake. Lori lilizunguka, likarudi nyuma mpaka kwenye jukwaa la kupakia mzigo, likakaa sawasawa na mstari. Meneja wa usafirishaji akashuka akisaini karatasi. Mwalimu akamsikia vizuri akisema kwamba nafasi ya mkurugenzi bado iko wazi, na kwamba kusema kweli mkurugenzi angependa mtu mzima aliyetulia.

"Lori," akasema Baba Pacha, kabla meneja hajamaliza.

Njiani kurudi nyumbani Mwalimu alikuwa na hasira naye, na hasira kubwa zaidi ilikuwa kwake mwenyewe, kwa kutaja jambo la miaka yote hiyo mbele ya mtu ambaye alilisikia na bado akachagua lori. Jioni Baba Pacha alishusha sufuria zote kutoka kabati la juu, akazirudisha la chini, bila kuombwa. Mwalimu aliona, na hakumsifu.

Jumatatu alfajiri alimpeleka yadi kwa gari la kijivu, kwa kuwa ndilo lililokuwa na mafuta. Baba Pacha alishuka na begi lake, akatembea mpaka kwenye lori, akapanda mpaka kwenye kiti, na mlango ukafungwa. Mwalimu aliweka gari kwenye D. Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya breki, wa kushoto umelala ulipotakiwa, na hakuondoka.

Mlango wa lori ukafunguliwa tena. Baba Pacha akashuka, akaja polepole kwa miguu yake yote miwili, akainama dirishani kwake. Akasema ile njia ya wiki tatu ameikataa, apewe dereva mwingine; yeye amechukua njia fupi.

"Nitakuwa nyumbani Alhamisi," akasema. "Saa kumi jioni."

Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kumpa siku, sembuse saa. Mwalimu alitafuta neno zuri la kumwambia, na kwa uchovu alionao, na hasira ambayo bado haijamwisha, akalikosa. Akamwambia ukweli.

"Alhamisi saa kumi nina mwanafunzi."

Baba Pacha akajiinua kutoka dirishani.

"Basi nitakusubiri," akasema.